Wembe wa Babu: Kuutambua na Kuuhuisha Wembe wa Kale

Katika nyumba nyingi za kwetu mna kopo la biskuti lisilokuwa na biskuti. Ndani yake hutiwa vitu ambavyo havitumiki tena na wala havitupwi: funguo za makufuli yaliyokwisha kupotea, sarafu za serikali zilizopita, miwani yenye mkono mmoja, na stakabadhi za kodi ambazo hakuna atakayeziuliza. Katika kopo la namna hiyo, nyumbani kwetu Tanga, uliwekwa wembe wa kukunja ambao marehemu babu yangu aliutumia kwa miaka mingi katika kazi yake ya ukinyozi chini ya mwembe.

Wembe wa kukunja ni ule ambao ubapa wake wa chuma huingia ndani ya mpini kama kisu cha mfukoni, nao hunolewa upya kila unapokuwa butu. Vijana wengi wa leo hawajapata kuuona, kwani tangu Mmarekani King Camp Gillette alipoanza kuuza nyembe nyembamba za kutumia na kutupa mwaka 1903, wembe wa kukunja umezidi kuadimika. Hata hivyo kitu hicho kidogo ni darasa zima. Ndani yake mna kemia, fizikia, hisabati na historia. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi wembe wa kale unavyoweza kutambuliwa, na jinsi unavyoweza kutengenezwa bila ya kuharibiwa. Lakini uaminifu wa kisayansi wanidai nianze na kosa langu mwenyewe.

KOSA LA MWANAFUNZI WA KIDATO CHA PILI

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi walitambuliwa nchini Tanzania, mkoani Kagera. Katika miaka iliyofuata wananchi walielimishwa kwamba wembe mmoja usipite katika ngozi za watu wawili. Babu hakubishana na elimu hiyo. Aliupangusa wembe wake, akaufunga katika kitambaa, akautia koponi, na tangu siku hiyo kila mteja alikuja na wembe wake mpya. Kopo likafunikwa, na unyevu wa pwani ukaendelea na kazi yake.

Mwaka 1995, nikiwa kidato cha pili, nilifundishwa somo la kutu. Nilipokuwa likizoni nililifungua kopo, nikauona wembe umekuwa mwekundu, nikaazima kipande cha msasa kwa jirani yetu seremala. Nilianzia shinani, yaani ile sehemu nene isiyokuwa na makali iliyo karibu na ribiti, nikasugua mchana kutwa mpaka pakang'aa kama kioo. Kisha nikampelekea babu, nikitarajia kusifiwa. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuwa hafifu. Aliupokea, akapitisha kidole gumba pale shinani, akarudia tena, kisha akasema: "Mjukuu wangu, umeusafisha mpaka umeusahaulisha jina lake."

Babu hakujua kusoma herufi zile, lakini aliijua chapa ya wembe wake kwa kidole, kama mtu ajuavyo kovu lake. Mimi niliyejua kusoma ndimi niliyeifuta.

Mwaka jana baba yangu alifariki dunia. Baada ya arobaini, jamaa walipokaa kugawana vitu vilivyobaki, kopo lilifunguliwa tena. Baba yangu mdogo alieleza aliyoyasikia kwa wazee: kwamba wembe huo ni wa Kijerumani, kwamba baba yake babu alipewa na Mjerumani mmoja kabla ya vita vya 1914, na kwamba mpini wake ni pembe ya ndovu. Mdogo wangu yeye alitaka upelekwe kwa fundi mwenye jiwe la mota, ung'arishwe, upate kutumika. "Kaka, wewe ndiye uliyesomea vyuma," akaniambia. "Sema neno moja."

Sikuwa na neno moja. Nilikuwa na maswali matatu: wembe huu umetoka wapi, unaugua nini, na utatibiwaje bila ya kuuawa?

SHINA HUSEMA LILIKOTOKA

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Kwa hiyo kazi ya kwanza si kusafisha, bali ni kuandika. Wembe hupimwa urefu, upana, unene na uzito, hupigwa picha pande zote mbili, na kila alama huchorwa ilivyo. Haya yote hufanywa kabla ya kuondoa hata chembe moja ya kutu, kwa sababu kila kinachoondolewa huenda na ushahidi wake.

Chapa za wembe aghalabu hugongwa shinani. Zikiwa zimefifia, fanya chumba kiwe na giza, kisha mulika tochi kutoka ubavuni, mwanga upite karibu sambamba na uso wa chuma. Vibonde vya herufi hutupa vivuli, na kisichoonekana mchana hudhihirika. Mwenye kioo cha kukuzia ataona zaidi.

Nyembe nyingi za kale zilizoenea duniani zilitoka katika miji miwili ya Ulaya: Sheffield nchini Uingereza na Solingen nchini Ujerumani. Katika eneo la Sheffield, chama cha mafundi visu kilianzishwa kwa sheria ya bunge mwaka 1624, na kila fundi aliandikisha alama yake. Solingen nako alama zilitunzwa kwa bidii: mfano mashuhuri ni ile ya watu wawili pacha ya jamaa ya Henckels, iliyoandikishwa mwaka 1731. Kwa sababu hiyo alama ndogo shinani, iwe nyota, taji au mnyama, yaweza kumwongoza mtafiti hadi kwenye karakana yenyewe, kama vile namba ya gari inavyotuongoza kwa mwenye gari.

Maneno yaliyogongwa husaidia pia kukadiria umri. Katika karne ya 19 baadhi ya watengenezaji wa Ujerumani waligonga jina la Sheffield juu ya bidhaa zao ili wauze kwa sifa ya wenzao. Malalamiko yalipozidi, Uingereza ilitunga sheria ya alama za bidhaa mwaka 1887, na bidhaa za Ujerumani zikalazimika kutaja kwao. Mwaka 1890 Marekani nayo ilipitisha sheria ya ushuru iliyodai kwamba kila bidhaa iingiayo nchini humo tangu mwaka 1891 iandikwe nchi ilikotoka. Basi wembe wenye jina la nchi, kama vile ENGLAND au GERMANY, kwa kawaida ni wa baada ya miaka hiyo. Jina la Solingen lenyewe lililindwa kwa sheria ya Ujerumani mwaka 1938.

Umbo nalo ni shahidi. Nyembe za karne ya 18 zilikuwa na mkia mfupi sana nyuma ya shina, au hazikuwa nao kabisa. Zile za mwanzoni mwa karne ya 19 zilikuwa nene kama kabari. Kadiri karne hiyo ilivyosonga mbele, ubapa ulisagwa kwa mawe ya mviringo mpaka pande zake mbili zikabonyea ndani, na Solingen ulipata sifa kubwa kwa ufundi huo.

Wembe wa babu una mkia mrefu na ubapa uliobonyea. Chini ya mwanga wa tochi, katika ukingo wa pale nilipopasugua, zilijitokeza herufi FIELD, na chini yake neno ENGLAND. Wembe wa Mjerumani ulikuwa umetengenezwa kwa Mwingereza. Juu ya herufi hizo, mahali lilipokuwa jina la mtengenezaji, palikuwa peupe.

Hapa inafaa kueleza jambo ambalo wachunguzi wa jinai hulitumia. Herufi inapogongwa juu ya chuma, haibonyezi uso tu. Hukandamiza na kuvuruga fuwele zilizo chini yake, hata mtu akifuta herufi, vurugu hiyo huweza kubaki. Njia moja ya kuifichua ni kupaka asidi maalumu, ambayo hula sehemu iliyovurugika kwa kasi tofauti na sehemu nyingine. Njia nyingine ni kukitia chuma usumaku, kisha kukimiminia mafuta yaliyochanganywa na unga laini wa chuma, nao unga hukusanyika palipovurugika. Asidi niliikataa. Kosa la kwanza lilikuwa la kufuta. Sikutaka la pili liwe la kulisha. Nilitumia sumaku. Vilitokea vivuli vya herufi mbili za mwisho, navyo havikutosha kulijenga jina. Msasa wa seremala ulikuwa umefanya kazi nzuri mno.

KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Dai la pili lilikuwa la pembe ya ndovu, na halikuwa dai la kipuuzi. Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kuu la pembe za ndovu za Afrika Mashariki. Misafara ilizibeba kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, zikavushwa Unguja, na kutoka huko zikapelekwa Bara Hindi, Ulaya na Marekani. Mafundi visu wa Sheffield walikuwa miongoni mwa wale waliozigeuza kuwa mipini. Yawezekana basi kukuta wembe wa Ulaya uliorudi Afrika na mpini ulioanza safari yake katika mwili wa tembo wa Afrika. Atakayekuwa na wembe wa namna hiyo ajue kwamba biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku kwa mkataba mwaka 1989, na auhifadhi bila ya kuuza.

Pembe ya kweli hutambulikana kwa mistari yake. Ukiitazama mahali ilipokatwa kwa kukingama, utaona mistari ya upinde inayopishana kama nyuzi za mkeka. Mfupa hauna mistari hiyo, bali una vidoa na vijishimo vyeusi, ambavyo ni mabaki ya njia za damu. Mpini wa babu haukuwa na kimojawapo. Ulikuwa na mistari iliyonyooka, iliyo sawasawa mno, kama daftari la hesabu. Maumbile hayachori namna hiyo. Mashine ndiyo huchora. Tena nilipousugua kwa kitambaa mpaka ukapata joto, ulitoa harufu ya kafuri. Hapo nilikumbuka kwamba marehemu mama hakupenda kopo lile lifunguliwe, akisema lina harufu ya maziko.

Harufu hiyo ilitoa jibu. Mpini ni wa seluloidi, plastiki ya kwanza kupata soko kubwa duniani, ambayo Mmarekani John Wesley Hyatt aliipatia hataza mwaka 1870. Hutengenezwa kwa selulosi ya pamba iliyotiwa asidi ya naitriki, kisha ikalainishwa kwa kafuri. Wakati wake ilipendwa kwa sababu iliweza kuiga pembe ya ndovu kwa bei nafuu.

Lakini seluloidi ina tabia ya hatari. Kadiri miaka inavyopita, hasa penye joto na unyevunyevu, huvunjika polepole na kutoa gesi za oksidi za naitrojeni. Gesi hizo zikikutana na unyevu huwa asidi ya naitriki. Niliweka kipande cha karatasi ya litmasi ya buluu, kilicholoweshwa kidogo, ndani ya mpini. Kesho yake kilikuwa chekundu. Tazama sasa msiba wa wembe huu: ulikunjwa ndani ya mpini wake kama mtoto mgongoni mwa mama, na mpini ndio uliokuwa ukiutafuna. Ndiyo maana kutu ilikuwa nene pale tu palipofunikwa na mpini, na nyepesi palipokuwa wazi. Kopo lenye kifuniko liliongeza balaa, kwa kuwa liliizuia gesi isitoke.

Wasomaji wazingatie maonyo mawili. Usijaribu kamwe kuitambua seluloidi kwa sindano ya moto, maana huwaka kwa kasi kubwa. Wala usiisafishe kwa asetoni au spiriti, maana vimiminika hivyo huilainisha na kuiyeyusha.

FELEJI NA ADUI ZAKE WAWILI

Ubapa wa wembe umetengenezwa kwa feleji, yaani chuma cha pua: chuma chenye kaboni kidogo, katika nyembe yapata asilimia moja. Katika miaka ya 1740 mtengenezaji saa wa Uingereza, Benjamin Huntsman, alivumbua njia ya kuyeyusha feleji ndani ya vyungu vya udongo mpaka ikawa ya namna moja kote. Nilipokuwa nikisoma Uingereza nilipata nafasi ya kuitembelea tanuri ya vyungu inayohifadhiwa Abbeydale, mjini Sheffield. Mtu akisimama mbele yake huelewa jinsi sifa ya mji ilivyopikwa chunguni.

Ugumu wa wembe hautokani na kaboni peke yake, bali na jinsi ulivyopashwa moto na kupozwa. Feleji ikifikishwa kwenye joto la sentigredi 780 hivi, atomu za chuma hujipanga upya na kuacha nafasi ambamo atomu za kaboni huingia. Ikichovywa ghafla katika maji au mafuta, atomu za chuma hutaka kurudi katika mpango wa kwanza, lakini kaboni hukosa muda wa kutoka. Hali yao ni kama ya abiria ambao mlango wa basi umefungwa kabla hawajashuka: wote wamebanwa, na hakuna awezaye kujongea. Feleji iliyobanwa hivyo ni ngumu sana, lakini huvunjika kama kioo. Kwa hiyo fundi huipasha tena polepole hadi yapata sentigredi 200, ili ipunguze ukali bila ya kupoteza ugumu.

Adui wa kwanza wa hali hiyo ni joto. Makali ya wembe ni membamba kiasi kwamba msuguano wa jiwe la mota huyapasha katika nukta moja. Feleji inayong'aa ikipata joto huvaa utando mwembamba wa oksidi, nao hubadili rangi kadiri unavyonenepa: manjano hafifu karibu na sentigredi 210, kahawia karibu na 255, zambarau karibu na 275, na buluu karibu na 300. Rangi ya buluu ikitokea kwenye makali, kaboni imekwisha kujongea na ugumu umekwenda. Hakuna kinoo kitakachourudisha. Hilo ndilo lililokuwa jibu langu kwa mdogo wangu: jiwe la mota lingetupatia kitu kinachong'aa chenye umbo la wembe, lakini wembe wenyewe usingekuwapo tena.

Adui wa pili ni kutu. Kwa ufupi mmenyuko wake waweza kuandikwa hivi:

4Fe + 3O2 + 2H2O → 4FeO(OH)

Chumvi ya bahari huuharakisha, kwa kuwa huyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi zaidi. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Hivyo huvimba, hupasuka, na kushika maji kama sifongo, na chini yake vishimo huzidi kwenda kina. Wembe wa kisasa hustahimili kwa sababu umetiwa kromiamu, jambo ambalo Harry Brearley alilidhihirisha huko huko Sheffield mwaka 1913. Wembe wa babu haukupata bahati hiyo.

MATIBABU

Kanuni ya kwanza ya kuhuisha kitu cha kale ni kuondoa kidogo kuliko vyote. Kutu iliyobaki yaweza kuondolewa kesho. Chuma kilichoondolewa leo hakirudi. Tulifuata hatua hizi.

Kwanza, tuliutenganisha ubapa na mpini. Kichwa cha ribiti kilipunguzwa kwa tupa ndogo, na ribiti ikasukumwa nje. Mpini wa seluloidi tuliutia katika bahasha ya karatasi, mahali penye kupita hewa, mbali na moto na mbali na vitu vya chuma. Hatukuutupa, kwa sababu nao ni ushahidi.

Pili, tuliupaka ubapa mafuta mepesi ya cherehani, tukauacha kwa siku tano. Mafuta hupenya chini ya kutu na kuilegeza.

Tatu, tuliikwangua kutu kwa kitu kilicho laini kuliko feleji. Katika kopo lile lile mlikuwamo senti kumi ya Afrika Mashariki yenye tundu, iliyotengenezwa kwa aloi ya shaba. Shaba haiwezi kuikwaruza feleji iliyotiwa ugumu, lakini kutu iliyolegea huiondoa. Kazi hiyo ilichukua jioni tatu, mkono ukitoka kwenye mgongo wa wembe kuelekea kwenye makali, wala si kinyume chake.

Nne, pale tu palipobaki kutu ngumu tulitumia msasa laini sana, wa namba 2000, uliolowanishwa kwa mafuta. Shinani hatukugusa. Vumbi halikuruhusiwa kuruka. Wasaga nyembe wa Sheffield katika karne ya 19 walikufa mapema kwa ugonjwa wa mapafu ulioletwa na vumbi la mawe yao, na historia hiyo inatosha kuwa onyo.

Wapo wanaoshauri ndimu au siki. Ni kweli kwamba asidi huyeyusha kutu, lakini haijui kusimama. Ikimaliza kutu huanza kula feleji, huku ikitoa haidrojeni, na huacha uso wa kijivu uliojaa vitundu. Kwa msumari ni sawa. Kwa urithi, la hasha.

Baada ya hayo tuliyachunguza makali kwa kioo cha kukuzia. Kama vishimo vimefika kwenye makali yenyewe, au kuna ufa, wembe hubaki kuwa wa kumbukumbu tu. Kwetu vishimo vilikuwa vimekoma milimita tatu kabla ya makali.

HESABU YA MAKALI

Mwenye kunoa kisu hukisia mwinamo kwa mkono. Wembe wa kukunja haumwachii mtu kukisia, kwa sababu mgongo wake mnene ndio kipimo. Ubapa hulazwa juu ya kinoo, mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja, na mwinamo hujipata wenyewe.

Wanafunzi wa kidato cha tatu wanaweza kuukokotoa. Unene wa mgongo wa wembe wa babu ni milimita 5, na umbali kutoka mgongoni hadi kwenye makali ni milimita 18. Pande mbili za ubapa na unene wa mgongo hufanya pembetatu yenye pande mbili sawa. Tukiigawa katikati, saini ya nusu ya pembe ya makali ni 2.5 ÷ 18, yaani 0.139, na nusu hiyo ni nyuzi 8. Pembe nzima ya makali ni nyuzi 16. Kutokana na hesabu hii utaona kwa nini mgongo usisuguliwe kwa msasa: anayeupunguza mgongo huibadili pembe ya makali bila ya kukusudia.

Tulinoa kwa kinoo cha namba 4000, kisha cha namba 8000, maji yakiwa juu ya jiwe na makali yakitangulia. Mwisho ulipitishwa juu ya mkanda wa ngozi, safari hii mgongo ukitangulia, maana makali yakitangulia yataukata mkanda. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita 50 hadi 100. Makali ya wembe ulionolewa vema hayafikii hata mikromita moja. Asiyajaribu mtu kwa kidole. Unywele mmoja ulioshikwa hewani unatosha.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu hahitaji kuleta wembe darasani, na namsihi asiulete. Sindano tatu za kushonea, za feleji, zinatosha kuonyesha yote niliyoyasema kuhusu joto. Wanafunzi wavae miwani ya kukinga macho, na sindano zishikwe kwa koleo.

1. Pasha sindano ya kwanza mpaka iwe nyekundu, kisha iondoe motoni polepole sana. Ikipoa, ijaribu kuipinda. Itapindika na kubaki imepinda.

2. Pasha ya pili mpaka iwe nyekundu, uichovye majini ghafla. Ifunike kwa kitambaa kinene, kisha ijaribu kuipinda. Itavunjika.

3. Ya tatu ifanye kama ya pili, lakini usiipinde. Isugue kwa msasa mpaka ing'ae, kisha ipashe taratibu mbali kidogo na ndimi za moto, ukitazama rangi zikipita kutoka manjano hadi buluu. Ikipoa, ijaribu kuipinda. Itapinda kidogo na kurudi.

Waulizwe wanafunzi: ni ipi kati ya hizo tatu iliyo karibu zaidi na wembe mzima, na ni ipi iliyo karibu na wembe uliotoka kwenye jiwe la mota?

HITIMISHO

Mdogo wangu, ambaye alitaka mng'aro, ndiye aliyechonga mpini mpya. Alichagua mpingo, mti wetu mzito unaozama majini, akautia ribiti ya shaba. Alinyoa nao kidevu chake mwenyewe mara moja, mbele yetu sote. Baada ya hapo ulipakwa mafuta, ukafungwa katika kitambaa kikavu, ukakabidhiwa kwa baba yetu mdogo. Hauko tena koponi.

Baba mdogo hakufurahi kusikia kwamba wembe si wa Kijerumani wala mpini si wa pembe. Nilimweleza kwamba feleji imesema ilikotengenezwa, lakini haikusema ni mkono wa nani ulioitoa. Bidhaa za Kiingereza zilipita Unguja na kuuzwa pwani yote, hata bara ilipokuwa chini ya Wajerumani, na hakuna kanuni ya fizikia inayomzuia Mjerumani kumiliki wembe wa Mwingereza. Neno ENGLAND latuambia kwamba wembe yaelekea ni wa baada ya 1891. Wazee walisema ulitolewa kabla ya 1914. Kati ya miaka hiyo miwili pana nafasi ya kutosha kwa mtu kutoa zawadi. Hadithi ya wazee ilipoteza pambo lake, lakini uti wa mgongo wake umebaki mzima. Alinyamaza, kisha akapitisha kidole gumba pale shinani, kama alivyofanya babu.

Namshauri kila mwalimu awaambie wanafunzi wake wafungue makopo ya nyumbani kwao wakiwa na kalamu, na si msasa. Pamoja na wembe nilimkabidhi baba mdogo daftari lenye picha, vipimo na alama zote, ili atakayekuja baada yetu asianze gizani. Katika ukurasa wa kwanza mna mstari unaosema: "Jina la mtengenezaji." Mbele yake niliandika: "Lilifutwa na mjukuu, 1995."